Tarakilishi ya Linux ikivuma ovyo, mtafute mlaji kwanza

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Wenye tarakilishi kuukuu zisizoweza kubeba Windows 11 walibaki na njia chache, mojawapo ikiwa kuhamia Linux, mfumo ulioasisiwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 na ambao kwa kawaida hupatikana bila malipo. Hata hivyo, baadhi ya wanaohamia huko hukumbana na kioja: feni inavuma, kipanya kinasuasua na betri inakauka, ilhali hakuna programu iliyofunguliwa. Fundi mwenye pupa hapo hutangaza kwamba mashine imezeeka, mteja anunue nyingine.

Hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi. Fungua terminali, andika neno top, kisha ubonyeze Enter. Itajitokeza orodha ya kazi zinazoendelea, ile inayoila prosesa zaidi ikiwa juu. Usishtuke ukiona 150. Asilimia 100 hapo ni kiini kimoja tu, hivyo prosesa yenye viini vinne yaweza kufika 400. Herufi q hufunga orodha.

Muhimu ni jina. Katika KDE Plasma, mshukiwa wa kawaida ni baloo_file_extractor. Katika GNOME ni tracker-miner-fs-3, au jina lenye neno localsearch kuanzia toleo la 47 la mwaka wa 2024. Hawa si virusi, bali ni makarani wanaosoma faili zako na kuziorodhesha ili uzipate upesi unapozitafuta. Ukihamisha maelfu ya picha na nyaraka kutoka diski ya zamani, wanaweza kufanya kazi kwa saa nyingi. Acha mashine kwenye umeme usiku kucha. Wakiendelea kwa siku kadhaa, huenda wamekwama kwenye faili iliyoharibika, na kuwaua hakufai kwani hurudi. Katika KDE, ingia kwenye mipangilio ya utafutaji wa faili uzime uorodheshaji. Gharama yake ni kwamba hutaweza kutafuta upesi maneno yaliyomo ndani ya nyaraka.

Jina likiwa gnome-shell au kwin_wayland, tatizo ni tofauti. Hizo ndizo huchora madirisha, kazi ambayo hustahili kufanywa na kadi ya michoro. Draiva ya kadi ikikosekana, mzigo wote huiangukia prosesa. Katika GNOME, tazama maelezo ya mfumo kwenye mipangilio: ukiona neno llvmpipe mahali pa jina la kadi, umepata jibu. Weka draiva ifaayo. Kadi ikiwa ya kale mno, hamia Xfce, mazingira yasiyo na mapambo mengi. Vilevile zima viongezi vya GNOME kimoja baada ya kingine, kwani kimoja kibovu chatosha kuielemea mashine nzima.

Ukikuta kswapd0 juu ya orodha, prosesa haina hatia: kumbukumbu ya RAM ndiyo iliyojaa, na kufunga kurasa kadhaa za kivinjari huenda kukatosha.