Ndege wa Pwani (3): Mwari Anayejitupa Baharini

Mwari tuliyemzoea ni wa maziwani, kama wale wa Nakuru: huogelea kwa makundi, huwazingira samaki na kuwachota juu juu. Mwari wa kahawia wa pwani za Amerika huvua kutoka angani. Akiona dagaa hukunja mabawa na kujitupa, mara nyingine kutoka urefu wa mita 18.

Kabla ya kugusa maji hujipinda kushoto, ili koo na bomba la pumzi, vilivyo upande wa kulia wa shingo, viepuke kishindo. Vifuko vya hewa chini ya ngozi humpunguzia mshtuko, kisha humwibua juu kama boya. Mfuko wa mdomo nao hufumuka, ukajaa lita 10 hivi za maji, na samaki humo humo. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Hawezi kumeza mpaka maji yatoke, basi huinamisha mdomo, akaubana mfuko kifuani, yakachuruzika taratibu. Shakwe, mwizi asiye na haya, anaujua wakati huo vizuri: hutua hata juu ya kichwa cha mwari na kumpokonya samaki. Ndege wachanga hukosakosa, na wengi hawaumalizi mwaka wa kwanza.

Lakini kilichokaribia kummaliza mwari huyu kilikuwa kiotani. Yeye haatamii kwa tumbo kama kuku. Hufunika mayai kwa nyayo zake pana zenye utando. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, dawa ya kuulia wadudu ya DDT ilitiririka baharini, ikaingia kwa dagaa, na kwa dagaa ikamfikia mwari. Maganda ya mayai yakawa membamba, mzazi akiyakanyaga tu, yanapasuka. Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa, California, majaribio 552 ya kutaga yalitoa kinda mmoja. Louisiana, jimbo lenye mwari kwenye bendera yake, lilibaki na wa bendera tu. Tangu 1968 ikabidi makinda waletwe kutoka Florida.

Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, na mwaka 2009 mwari wa kahawia akaondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka uliofuata tu, mafuta yaliyovuja kutoka kisima cha mtambo wa Deepwater Horizon yakavifikia viota vya Louisiana.

Wiki ijayo: buabua wa visiwa vya Kiunga.