Tabora: mkopo upo, mlezi hayupo

Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1 ya mapato ya ndani, mapato lindwa (yenye matumizi maalumu) yakishaondolewa, inatakiwa kutenga milioni 100 za mikopo isiyo na riba. Wanawake wanapata milioni 40, vijana milioni 40, watu wenye ulemavu milioni 20. Ndiyo ile asilimia kumi inayotajwa katika kila kikao cha Baraza la Madiwani. Kwa miaka mingi ilikuwa maelekezo tu, anayetaka anatekeleza na asiyetaka anatoa sababu, mpaka 2018 ilipoingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A. Kanuni zake zikatoka 2019. Mkoa wa Tabora una halmashauri 8 na watu zaidi ya milioni 3.3 kwa sensa ya 2022. Humo, ile asilimia 2 inayotengewa watu wenye ulemavu ndiyo sura ya halmashauri ambayo mtu mzima mwenye ulemavu ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo.

Chanzo cha fedha hizo nacho kina mambo yake. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui ni nchi ya tumbaku, na ushuru wa tumbaku ni nguzo ya bajeti za huko. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alishukuru, mweka hazina wa halmashauri akakuna kichwa. Mnunuzi akichelewa kulipa chama cha msingi cha ushirika, ushuru unachelewa, na asilimia 2 ya kitu kilichochelewa nayo inachelewa. Kwa hiyo kipofu wa Kaliua anayesubiri mkopo wa mizinga ya nyuki anasubiri pia, bila kuambiwa na mtu, daraja la jani ambalo hajawahi kulishika.

Sitaki kuubeza mkopo huu. Tabora ina Shule ya Viziwi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki 1963, na ina Shule ya Furaha ya wasioona. Watoto wamesoma huko, wamefundishwa alama na nukta nundu, wengine wamefundishwa ufundi. Kiziwi anayejua kushona, akipata cherehani na mtaji wa vitambaa, hana haja ya mtu kumwonea huruma. Mwenye ulemavu wa miguu akipata bajaji, barabara ya mjini Tabora kutoka Ng'ambo hadi stendi inamlipa kama inavyomlipa dereva mwingine. Kanuni zenyewe zililegezwa baadaye: mwanzoni watu wenye ulemavu walitakiwa kuunda kikundi cha watu watano, kisha idadi ikapunguzwa, na ikawezekana hata mmoja kukopa peke yake. Hilo lilikuwa jambo jema, maana kumtafutia mtu wa kijijini Sikonge wenzake wanne wenye ulemavu, walio karibu, wanaoaminiana na wenye wazo moja la biashara, ni kazi ya kuchosha hata kwa afisa maendeleo ya jamii mwenye pikipiki na mafuta.

Shida inaanza kwa wale ambao mtaji si tatizo lao la kwanza.

Tuseme kuna mama mjane Isevya, mjini Tabora, mwanawe wa kiume ana miaka 31. Alianza kusikia sauti akiwa kidato cha tatu. Akitumia dawa anatulia, anachota maji, anafagia uwanja. Akiacha, hulala nje siku mbili tatu, halafu majirani wanamrudisha. Mama anakwenda ofisi ya kata.

"Shikamoo mama. Lete katiba ya kikundi, namba ya akaunti na andiko la mradi."

"Marahaba mwanangu. Mimi sitaki mradi. Nataka mtu wa kukaa naye nikienda msibani."

Afisa si mtu mbaya. Katika karatasi zake hakuna mstari wa kuandika ombi hilo. Kuna mstari wa kuku wa mayai, wa sabuni ya maji, wa kusaga unga. Saa za mtu mmoja kukaa na mtu mwingine hazina kifungu. Kijana naye ana haki ya kukopa kwa jina lake, lakini kuna wiki ambazo hawezi kusimamia hata sahani yake ya chakula, na marejesho hayasubiri wiki hizo zipite. Mwisho wake jina lake linaweza kuingizwa kwenye kikundi ili kutimiza idadi, kisha kikundi kikaendelea bila yeye.

Nchi hii imekuwa ikiupima mwili kwa uwezo wake wa kubeba tangu zamani. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwenda kaskazini kwa maziwa. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi kuliko watu wengi wa bara, na msafara haukuwa na nafasi ya mtu asiyeweza kutembea. Hilo halikuwahusu Waafrika peke yao. Stanley alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na baharia Mwingereza, John Shaw, ambaye aliugua njiani. Akarudishwa Kwihara kwa kubebwa, na huko huko akafa. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa katika tembe la Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti akisubiri wapagazi, akitunzwa na watu wake. Tembe hilo leo ni makumbusho. Mgeni huonyeshwa chumba cha mzungu. Wapagazi walioachwa katika vijiji vya njiani wakiwa na homa au ndui, wakapokewa na wenye nyumba wasiowajua, hawana chumba cha kuonyeshwa.

Na Unyamwezi ulikuwa na namna yake ya kumweka mgonjwa wa akili. Kwa mfumu, yaani mganga, mgonjwa huja na ndugu. Hukaa kilingeni miezi, pengine zaidi ya mwaka, ndugu akipika na kulima shamba la mganga kama sehemu ya malipo. Si mahali pa kupasifia bila kufikiri, kwani wapo waliofungwa kamba na minyororo humo, na wapo ambao familia ziliishiwa ng'ombe. Lakini mfumu alilijua jambo moja ambalo waandika miradi wengi hawalijui: mgonjwa hapokewi peke yake. Kuna mtu anakuja naye, na mtu huyo naye lazima ale.

Serikali ya kikoloni ilikwenda upande wa pili. Reli ilifika Tabora 1912, na miaka ya 1920 hospitali ya Mirembe ikafunguliwa Dodoma, kwenye reli hiyo hiyo. Mgonjwa wa Tabora aliyeshindikana alipandishwa treni kwenda mashariki, zaidi ya kilomita 350, na ndugu wakabaki stesheni. Mirembe imeponya wengi, sasa ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ila mtu akikaa mbali miaka mingi, kiwanja chake hugawanywa na jina lake huacha kutajwa kwenye vikao vya ukoo. Siku ya kuruhusiwa anakuwa mgeni kwao.

Kosa hilo Serikali ya Nyerere ililiona mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijiji vya ujamaa vikiwa wimbo wa taifa, vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili wanaopata nafuu. Hombolo, karibu na Dodoma, kikawa mfano wa awali. Wagonjwa walilima, wauguzi waliishi karibu, na ndugu waliweza kuja kukaa nao, kijiji cha kawaida kikiwa jirani. Nigeria ilikuwa imetangulia: Dk. Thomas Adeoye Lambo alianza mpango wa Aro, Abeokuta, 1954, wagonjwa wakiishi na ndugu zao katika nyumba za wanakijiji na kwenda hospitali mchana. Kwa maoni yangu hakuna mpango wa ustawi nchini uliokaribia zaidi mahitaji ya yule mama wa Isevya kuliko huo wa vijiji vya kilimo. Ulitegemea ardhi, wauguzi na bajeti ya dawa. Miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, vyote vitatu vikayumba. Dar es Salaam, kijiji cha Vikuruti kilibaki chini ya Muhimbili. Kwa sehemu kubwa ya nchi, wazo lilififia kabla halijapewa nafasi ya kushindwa kihalali.

Kilichobaki kwenye njia ya zamani ya misafara ni makazi ya wazee na wasiojiweza: Sukamahela huko Manyoni, Ipuli hapa Tabora, Kibirizi kule Kigoma. Haya ni ya Serikali Kuu, si ya halmashauri, na mengi ya aina hii nchini yana asili ya makambi ya wagonjwa wa ukoma. Mzee asiye na mtu anapata kitanda, chakula na wenzake wa kuzungumza nao, na hilo si dogo. Kijana wa miaka 31 mwenye mama hana sababu ya kupelekwa huko. Anachotaka kiko katikati, kati ya kuachwa nyumbani na kuhamishwa nyumbani. Uingereza wana mpango wa aina hiyo: mtu ana chumba chake chenye mkataba wa upangaji, na halmashauri inalipa mtu wa kuja asubuhi au kulala hapo. Hata huko wanagombana kila mwaka wa bajeti, kwa sababu mishahara ya walezi haipungui kama bei ya tofali inavyoweza kupungua.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Ibara ya 19 ya mkataba inampa mtu haki ya kuchagua anaishi wapi na anaishi na nani, na kupata msaada wa kumwezesha kuishi hivyo. Mkataba ulisainiwa na Serikali Kuu. Anayetakiwa kuutekeleza ni afisa ustawi wa jamii mwenye tarafa nzima.

Twende kwenye hesabu. Ile milioni 20, ukimlipa mlezi shilingi 150,000 kwa mwezi, inalipa walezi 11 kwa mwaka. Mlezi mmoja anayezunguka nyumba nne au tano kwa wiki anaweza kuhakikisha sindano ya kila mwezi haikosekani, akampa mama mchana mmoja wa kwenda sokoni bila kukimbia, akaona dalili kabla hazijawa polisi na kamba. Najua jibu la mweka hazina: mkopo unarudi, mshahara haurudi. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu amekuwa akiripoti mwaka baada ya mwaka mikopo isiyorejeshwa, vikundi visivyoonekana vikiwemo, hata Aprili 2023 Serikali ikaisitisha yote. Iliporudi 2024, halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Kigoma/Ujiji ikiwa mojawapo. Hakuna ya Tabora. Benki inajua kufuatilia deni kuliko kamati ya kata. Kumkopesha mtu ambaye hajui leo ni siku gani, haijui zaidi.

Wengine watasema kazi hiyo ifanywe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024 ukilenga kuwafundisha zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Inawezekana, iwapo afya ya akili haitakuwa kazi ya mwisho kwenye orodha ndefu yenye wajawazito, kifua kikuu na lishe. Mimi ningeanza na kanuni za mikopo zenyewe. Zimekwisha kurekebishwa idadi ya wanakikundi, zimekwisha kubadilishwa njia ya kutolea fedha. Kuongeza kifungu kinachoruhusu sehemu ya asilimia 2 ilipe malezi badala ya kukopeshwa hakuhitaji jengo wala mfadhili. Kunahitaji diwani mmoja alilete jambo hilo kwenye kikao cha bajeti kabla ya Machi, na baraza lilibebe hadi TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa.