Saikolojia na Ibada (3): Sadaka Mbele ya Macho ya Watu

Uamuzi wa Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi, Novemba 2024, kwamba shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto zirudishwe, umejadiliwa zaidi kisiasa, ilhali lililo zito ni lile linalompata muumini wa kawaida anapotoa huku akitazamwa. Kinachomsukuma hapo ni aibu, yaani hofu ya kushuka machoni pa wenzake.

Katika makanisa 30 ya Uholanzi, mchumi Adriaan Soetevent alilinganisha mifuko iliyofungwa na vikapu vya wazi, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yalionyesha kuwa vikapu viliongeza kwa takriban asilimia 10 sadaka za miradi ya nje ya kanisa, lakini ongezeko hilo lilififia kadiri wiki zilivyopita.

Harambee za makanisa ya Gesima, huko Gusii, na vitongoji vyake hazihitaji vikapu. Mwenye kipaza sauti huwaita kwanza wa elfu kumi, kisha wa elfu tano, mpaka wa mia, na kwa kuwa kiwango kinachotajwa kwanza hugeuka kipimo cha vyote vinavyofuata, mwenye mia husimama akiwa amekwisha kujiona mnyonge. Mkungu wa ndizi nao hunadiwa kwa bei isiyojulikana sokoni, na mnunuzi huurudisha unadiwe tena, maana alichonunua ni jina.

Waadventista, ambao tangu misheni ya Gendia ya 1906 wameenea mno Gusii, wana urithi bora kuliko huo. Mwaka 1859, huko Battle Creek, Michigan, kabla hata hawajaunda kanisa rasmi, waasisi wao walikubaliana kwamba kila mwanamume wa miaka 18 hadi 60 atenge senti 5 hadi 25 kwa wiki, mwanamke senti 2 hadi 10, na mwenye mali aongeze senti 1 hadi 5 kwa kila dola 100 za mali yake. Mpango huo, uliopewa jina la utani la Dada Betsy, ulifuatwa na fungu la kumi lililopendekezwa mwaka 1878, nalo ndilo linalotiwa leo katika bahasha ya zaka. Bahasha hujazwa nyumbani, kabla mahubiri na kwaya havijachemsha damu, na kiasi chake hukijua mhazini tu.

Katazo la Julai 2024 dhidi ya maafisa wa serikali kushiriki harambee halikuigusa aibu hiyo, wala M-Pesa haiiondoi pale majina ya waliotuma yanaposomwa madhabahuni. Kamati ya ujenzi isiyotaka kumuumbua mjane ingetangaza jumla pekee, orodha ikabaki kwa mhazini.