Mashabiki wa Metallica na Desturi ya Kuipokea Albamu Mpya

Miongoni mwa jumuiya zilizozaliwa na muziki wa roki, mashabiki wa bendi ya Metallica wana desturi iliyokomaa ya kuipokea albamu mpya, nayo ni desturi ambayo mtu wa nje huidhania upesi kuwa uhasama, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni manung'uniko. Bendi hiyo ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981 na mpiga ngoma Lars Ulrich pamoja na mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield, na kabla haijatoa albamu yake ya kwanza, Kill 'Em All, mwaka 1983, nyimbo zake zilikwisha kuenea kwa kaseti ya majaribio ya mwaka 1982, ambayo vijana wa Marekani na Ulaya waliinakili na kutumiana kwa posta, kila mmoja akimpelekea mwenzake alichonacho ili naye apelekewe asichonacho. Redio hazikuwa na nafasi kubwa kwa muziki huo uitwao metali, yaani roki ya magitaa mazito yenye sauti ya mkwaruzo na ngoma zinazokwenda mbio, hivyo waliobeba kazi ya kuutangaza ni wasikilizaji wenyewe. Shabiki aliyenunua kaseti tupu na stempu kwa fedha zake alijiona mbia wa bendi, na hisia hiyo ya ubia ndiyo chimbuko la hukumu zote zilizofuata.

Hukumu iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kujiuza, ambayo kwa mashabiki hao ina maana ya bendi kuulainisha muziki wake ili ipendwe na wasioujua. Shutuma hiyo ilisikika mwaka 1984, albamu ya Ride the Lightning ilipotoka ikiwa na wimbo wa taratibu unaoanza kwa gitaa lisilo la umeme. Ikarudi mwaka 1989, bendi iliyokuwa ikijiepusha na video ilipotoa video yake ya kwanza. Ikapamba moto Agosti 1991, ilipotoka albamu yenye jina la bendi yenyewe, ambayo mashabiki huiita Albamu Nyeusi kwa rangi ya jalada lake, na ambayo nyimbo zake zilikuwa fupi na za kasi ndogo kuliko za awali. Nchini Marekani pekee iliuzwa zaidi ya nakala milioni 16, kwa hiyo jumuiya ikapata wageni wengi kwa mara moja, na tangu hapo mtu kuulizwa aliingia kwa albamu ipi kumekuwa njia ya kupambanua wakubwa na wadogo, kama marika yanavyopambanuliwa kwa mwaka wa jando. Mwaka 1996 albamu ya Load ilipotoka, wanamuziki wote wanne walionekana pichani wakiwa wamekata nywele, na kwa kuwa nywele ndefu zinazotikiswa kwa mapigo ya muziki ni alama ya watu wa metali, wengi waliliona jambo hilo kuwa ni kuvunja ahadi, hata kabla ya kuusikia wimbo mmoja.

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba lililo bora katika desturi hii ni sikio lake. St. Anger ilipotoka mwaka 2003, mashabiki walilalamika kwamba magitaa hayakupigwa solo, na kwamba ngoma ndogo, iliyopigwa bila kukazwa zile nyaya zinazogusa ngozi yake ya chini, ililia kama debe tupu. Baadaye wakatokea waliorekodi upya albamu nzima kwa mikono yao. Mwaka 2008, albamu ya Death Magnetic ilipoingia sokoni, waligundua kuwa nyimbo zilezile katika mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye diski, kwa sababu sauti ya diski ilikuwa imebanwa, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa ilikuwa imefutwa ili yote ivume kwa nguvu moja, hata ikapasuka. Maelfu walitia saini ombi la kutaka albamu hiyo ichanganywe upya, yaani viwango vya sauti za vyombo vyake vipangwe upya. Malalamiko ya namna hii hayawezi kutolewa na mtu asiyejali, kwani humlazimu mlalamikaji kusikiliza mara nyingi kile anachokilalamikia.

Lalamiko lililodumu kuliko yote ni la besi, yaani gitaa la sauti nzito za chini. Baada ya mpiga besi Cliff Burton kufariki katika ajali ya basi nchini Sweden tarehe 27 Septemba 1986, nafasi yake ilishikwa na Jason Newsted, lakini katika albamu ya ...And Justice for All ya mwaka 1988 besi yake haisikiki kwa urahisi, na mashabiki wakachukua jukumu la kutengeneza nakala zao ambamo imepandishwa. Bendi iliitoa upya albamu hiyo mwaka 2018 bila kuubadilisha mchanganyo wake wa awali, na nakala za mashabiki bado zinasikilizwa.