Fahamu: Kwa nini Wamarekani hukimbilia kununua bunduki kabla ya sheria kubana

Nchini Marekani, fununu ya sheria kali za silaha huwapeleka wamiliki madukani. Hununua bunduki, risasi na magazini (vibeba risasi vya bunduki), wakihofia kesho hazitauzwa.

Hofu inatoka wapi?

Septemba 1994, Rais Bill Clinton alitia saini marufuku ya bunduki kadhaa za nusu otomatiki na magazini za risasi zaidi ya 10. Lakini zilizokwisha kumilikiwa kihalali hazikuguswa. Hapo ndipo penye kiini: aliyewahi kununua alibaki nazo. Marufuku hiyo ilikwisha 2004.

Na baadaye?

Baada ya mauaji katika shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, mauzo ya bunduki yalipaa kwa hofu ya marufuku mpya. Marufuku hiyo iligonga mwamba katika Seneti Aprili 2013. Bunduki zilikuwa zimeshanunuliwa.