Kabla ya Kuuliza "Mtatujengea Lini?": Nyumba za Bondeni na Alama ya Maji



Katika ziara zetu za sharika za bondeni, swali tunaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Mtatujengea lini?" Ni swali la haki. Familia iliyolala shuleni wiki tatu haina subira ya semina. Hata hivyo, kabla ya "lini" yako maswali mawili: tujenge wapi, na sakafu iwe kwenye kimo gani. Idara yetu iliyajua maswali hayo baada ya kupata hasara, na tumeona ni vyema tuwasimulie jinsi ilivyokuwa, maana baadhi ya fedha zilizopotea ni zenu.

Katika usharika mmoja wa bondeni tulijenga nyumba za awamu ya kwanza kwa ramani tuliyokuwa tumeitumia mlimani. Sakafu ilikuwa sentimita 30 juu ya ardhi. Nyumba zilipendeza, bati lilimetameta, nasi tukapiga picha za kupeleka kwa wafadhili. Masika ya pili maji yakaingia ndani hadi magotini. Tulipofika, mzee mmoja wa kanisa alitupeleka kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, akaonyesha mstari wa tope kwenye gome, juu kidogo ya kiuno chake. "Miaka ile yalifika hapa," alisema. "Mbona hamkuuliza?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeandika mchanganuo wa bajeti, ratiba na viashiria vya mafanikio, lakini hakuna aliyeuliza maji yalifika wapi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Maji yalipopungua na jua kutoka, tuliziambia familia zenye nyumba zao za zamani za matofali mabichi zirudi ndani. Kuta zilikuwa zimesimama, nasi tukadhani hatari imepita. Usiku wa pili ukuta mmoja uliangukia upande wa jiko, na binti wa miaka tisa akavunjika mguu. Alipona, lakini tangu siku hiyo tulianza kuuliza kwa makini maji hufanya nini hasa kwenye nyumba.

Maji hubomoaje nyumba?

Wengi wetu hudhani nyumba huanguka kwa sababu maji yameisukuma. Hilo hutokea, lakini katika vijiji vyetu nyumba nyingi huanguka maji yakiwa yametulia kabisa, au yakiwa yameshaondoka. Tofali bichi ni udongo uliokaushwa tu. Likikaa ndani ya maji hurudi kuwa tope, kuanzia safu za chini ambazo ndizo zinazobeba uzito wote wa juu. Maji nayo hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, hivyo sehemu iliyolowa ni kubwa kuliko ile iliyozama. Maji yakiondoka, ukuta hukauka nje kwanza huku ndani ukiwa bado laini, na udongo wa chini ya msingi huanza kushuka. Ndiyo maana ukuta unaweza kusimama siku mbili kisha ukaanguka usiku, watu wakiwa wamelala.

Hapa tuseme neno juu ya lipu ya saruji inayopigwa juu ya tofali bichi. Wananchi huipenda kwa sababu nyumba huonekana ya kisasa. Lakini lipu hiyo haishikamani vizuri na udongo. Ikipasuka, maji huingia nyuma yake na hayapati pa kutokea, na ukuta huoza bila mtu kuona. Ni koti zuri alilovishwa mgonjwa.

Namna ya pili ni uzito wa maji yaliyo upande mmoja. Watu hufunga mlango na kuziba kizingiti kwa magunia ili maji yasiingie. Kwa maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu hilo linafaa. Yakipanda, hesabu hubadilika. Maji yenye kina cha nusu mita nje, ndani kukiwa kukavu, husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 125 hivi. Yakifika mita moja, nguvu hiyo haiwi mara mbili bali mara nne: kilo 500 kwa kila mita. Ukuta wa chumba cha mita tatu utabeba tani moja na nusu kutoka ubavuni, na hakuna fundi wa kijijini aliyeujenga kwa kazi hiyo. Kwa hiyo maji yakizidi magoti, ni afadhali kuokoa watu na akiba ya chakula, kisha kuacha milango wazi maji yaingie. Maji yakiwa sawa ndani na nje, ukuta hausukumwi upande. Katika nyumba mpya tunaacha matundu ya ukubwa wa nusu tofali karibu na sakafu, yenye wavu wa kuzuia panya na nyoka, kwa kazi hiyo hiyo.

Namna ya tatu ni mkondo. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na maji yanayozunguka kona ya nyumba hukimbia zaidi kuliko yaliyo uwanjani. Huchimba udongo pale konani hadi msingi unaning'inia. Mafundi wazee wanaijua hali hii. Ndiyo sababu tunawaomba wageuze upande mfupi wa nyumba uelekee mto, wapange mawe kuzunguka msingi, hasa konani, na wasijenge vibaraza vyenye kona nyingi vinavyokamata takataka na magogo.

Kwanza mahali, ndipo viwango

Hakuna kiwango cha ujenzi kinachoweza kusahihisha kiwanja kibaya. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Mbele ya tope la namna hiyo nyumba ya saruji na nyumba ya udongo ni sawa. Ilivyo ni kwamba njia za maji yatokayo mlimani, hata zikikaa kavu miaka 20, si viwanja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Baadhi ya wanakamati wametuambia sheria hiyo ni ya mijini. Sivyo. Pia tunawakumbusha kwamba mita 60 ni kiasi cha chini kabisa na si uthibitisho wa usalama: katika bonde tambarare maji husafiri kilometa nzima nje ya mto wake.

Tuta nalo lisitupe usingizi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta lake na kufurika mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi na kuhamia kwenye mahema, na reli ya kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe. Watu walikuwa wamejenga nyuma ya tuta kwa sababu lilikuwepo. Tuta lisilotunzwa, lenye njia za mifugo na mashimo ya panya, huyakusanya maji hadi siku linapovunjika, na siku hiyo maji huja kwa kishindo kuliko kama lisingekuwepo.

Tunajua kusema "hameni" ni rahisi kwa mtu mwenye ofisi mjini. Mashamba mazuri yako bondeni, na mafuriko yenyewe ndiyo yanayoyarutubisha. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, wakazi wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, na baadhi yao walirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa kule. Wazee wa Rufiji walikuwa na jibu lao: walilala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga huku maji yakipita chini. Shamba likae bondeni, nyumba ya familia ikae juu, na msimu wa kazi watu walale dunguni. Si kila mahali inawezekana, lakini tunashangaa jinsi wataalamu, na sisi tukiwemo, tulivyokuwa tukiyaita madungu hayo makazi duni.

Alama ya maji na hesabu ya kifusi

Pale ambapo familia itabaki, kanuni yetu sasa ni moja: sakafu iwe sentimita 30 juu ya alama ya juu kabisa ya maji inayokumbukwa. Alama hutafutwa kwa kuuliza wazee watatu au zaidi, wake kwa waume, kila mmoja peke yake. Akina mama mara nyingi wanakumbuka vizuri zaidi, kwa sababu wanajua chungu kipi kilielea. Kisha fundi huchukua mpira mwembamba unaopenya mwanga, wa mita 15 au 20, akaujaza maji, ncha moja akaishika kwenye alama na nyingine kwenye mambo ya kiwanjani. Maji hutulia kwenye kimo kimoja pande zote mbili. Kifaa hicho ni cha bei ndogo na hakihitaji mhandisi.

Ikiwa kipimo kinadai sakafu iinuliwe zaidi ya mita moja, hatujengi hapo. Gharama huwa kubwa mno, na kilima kirefu cha kifusi katikati ya mkondo huliwa na maji.

Kuinua si bure. Nyumba ya mita sita kwa nane ikiinuliwa sentimita 60 inahitaji karibu mita za ujazo 29 za kifusi kilichoshindiliwa, ambazo ni kama toroli 600 za udongo uliochimbuliwa. Hapa ndipo nguvu za wananchi zina maana ya kweli. Kifusi kimwagwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka inyunyiziwe maji na kushindiliwa kabla ya nyingine. Tumewahi kukuta kifusi kilichomwagwa chote kwa siku moja ili kamati iwahi ugeni. Sakafu ilipasuka kabla ya mvua ya kwanza. Kingo zake zipandwe majani ya vetiva au zijengewe mawe.

Ukuta wa chini, hadi juu ya alama ya maji, uwe wa mawe, matofali ya saruji au matofali yaliyochomwa vizuri, na ujengwe kwa saruji na si kwa tope. Tofali la kuchoma lililounganishwa kwa tope ni hasara: tofali litabaki, tope litaondoka. Mchanganyiko wetu ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo 7 za mchanga za lita 20. Kwa zege, mfuko mmoja kwa ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, na zege limwagiliwe maji siku saba. Juu ya alama ya maji familia isiyo na uwezo inaweza kuendelea na tofali bichi, mradi paa litokeze sentimita 60 nje ya ukuta. Juu ya madirisha upite mkanda wa zege wenye nondo kuizunguka nyumba yote, na kenchi zifungwe kwenye mkanda huo kwa waya mzito. Nyumba yenye mkanda, hata kona moja ikichimbwa, haiporomoki yote kwa mara moja, na watu hupata nafasi ya kutoka.

Choo na kisima visisahaulike. Mdomo wa shimo la choo ukiwa chini ya alama ya maji, kilichomo kitatoka na kufika kisimani, na kipindupindu hakichagui nani ana nyumba imara.

Kuhusu idadi ya nyumba

Neno hili ni kwa wafadhili. Fedha tulizokuwa tumeombea nyumba 20 zilitosha nyumba 14 tulipoongeza msingi mrefu na mkanda. Tulibishana sana katika kamati. Mchungaji mmoja alituuliza kwa uchungu tutawaambia nini wale sita walioachwa, na hadi leo hatuna jibu linalomridhisha. Tulichokubaliana ni kwamba familia hizo sita zilisaidiwa saruji na fundi wa kuimarisha sehemu ya chini ya nyumba zao, nazo zilitoa kifusi zenyewe. Mfadhili mmoja aliandika kuuliza kwa nini lengo halikufikiwa. Tunaomba, ndugu zetu, taarifa zetu zisipimwe kwa idadi ya mabati peke yake. Tuulizeni pia, baada ya masika mbili, ni sakafu ngapi zilibaki kavu. Hilo tuko tayari kulijibu hata pale jibu litakapotuaibisha.

Kuanzia awamu ijayo, ukurasa wa kwanza wa fomu ya maombi una swali jipya: alama ya maji iko wapi, na ni nani walioishuhudia? Wazee wajao hawatakuwepo daima, hivyo kila usharika wa bondeni upake alama hiyo kwa rangi ya mafuta kwenye nguzo ya kanisa au ukuta wa shule kabla ya masika. Debe dogo la rangi linapatikana ofisini kwetu, bila malipo. Fomu zisizo na jibu la swali hilo zitarudishwa kwa kamati husika.