UFAFANUZI KUHUSU WANAFUNZI WANAOJIFUNZA KWA KUITUMIKIA JAMII

Wahenga walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Maneno hayo ndiyo msingi wa utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wa vyuo katika vyama na vikundi vya wananchi, ili wajifunze kwa kuitumikia jamii. Makala haya yanaufafanua utaratibu huo kwa watumishi na wakazi, kwa mfano wa Mingoyo, mkoani Lindi, penye njia panda ya Mnazi Mmoja, ambapo barabara itokayo Lindi mjini hugawanyika kuelekea Mtwara na Masasi.

Jambo hili si geni nchini. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963. Mwezi Oktoba, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya utumishi wa lazima, na wapatao 400 wakafukuzwa chuoni. Mwezi Machi, 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule isitengane na maisha ya watu wanaoizunguka. Mwaka 1971 Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizoteuliwa kuongoza katika kufuta ujinga, na katika kampeni za miaka ile walimu wengi walikuwa wa kujitolea, wakiwemo wanafunzi na vijana waliomaliza shule ya msingi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika; ilipofika mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi asilimia 39.

Historia hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, utumishi wa kijana huzaa matunda pale kazi inapokuwa dhahiri na yenye kuhitajiwa. Pili, masharti yasiyoeleweka kwa anayetumwa huleta manung'uniko.

Ifahamike kwamba kujifunza kwa kuitumikia jamii si kujitolea kwa kawaida, ambako jamii hupokea tu. Wala si mafunzo kazini, ambako anayelengwa ni mwanafunzi peke yake. Hapa pande zote mbili hunufaika, na zote mbili huwajibika.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uhasibu anayepangiwa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika zao hilo mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho chamani, zikapimwa na kuandikwa, kisha zikapelekwa ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Malipo huja baadaye. Jina likikosewa, uzito ukiandikwa pungufu au namba ya akaunti ya benki ikibadilika tarakimu moja, mkulima husubiri fedha zake huku ada za watoto zikimkabili. Kitabu cha chama, basi, ni amana ya watu.

Hapo pana tatizo la majira. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hutoka kwa mafunzo kati ya Julai na Septemba, ilhali minada ya korosho huanza takriban mwezi Oktoba. Mwanafunzi aliyeahidiwa kujifunza mauzo atakuta ghala tupu, na huenda akaishia kutumwa chai. Busara ni kumpa kazi ya majira yake: kuhakiki orodha ya wanachama, kulinganisha namba za akaunti na za benki, na kupanga kumbukumbu za mgao wa salfa. Minada ikianza, chama kitakuwa tayari.

Kwa kawaida barua ya chuo hupitia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na Mtendaji wa Kata hujulishwa. Kabla mwanafunzi hajawasili, inafaa mambo manne yakubaliwe kwa maandishi:

1. Kazi atakayoifanya, kama ilivyotajwa na chama chenyewe.
2. Msimamizi wake chamani, na mwalimu atakayemtembelea.
3. Malazi, chakula na nauli, na nani atagharamia.
4. Wajibu wa kutunza siri za wanachama.

Mwishoni, mwanafunzi asiandike ripoti ya chuoni pekee. Awasomee wanachama mkutanoni, kwa Kiswahili chepesi, aliyoyafanya na yaliyobaki. Na karani wa chama awe amekwisha kufundishwa kuyaendeleza. Kazi inayokufa siku mgeni anapopanda basi haikuwa huduma.

Viongozi wa vyama wanahimizwa kutokupokea mwanafunzi kwa ajili ya kupiga muhuri tu, na vyuo vinaombwa kuuliza mahitaji ya wananchi kabla ya kupanga majina. Wazazi na wakazi nao wampokee kijana huyo kama mwana wao, wamwelekeze na kumsahihisha, kwani anakuja kufundishwa nao pia.